Nilipiga Picha Nyuma ya Nembo ya Kaka Yangu

Mwenye ukurasa, ukiiweka barua hii naomba uondoe jina langu na la mtaa wetu. Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, Komoro. Shule nimemaliza mwaka huu na sasa niko Moroni, kisiwa kikuu, kwa mama mdogo. Naandika Kiswahili kwa sababu bibi yangu aliishi Unguja miaka mingi na ndiye aliyenifundisha, na kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayeusoma ukurasa huu.

Mimi si msemaji. Darasani nilikuwa nalijua jibu na mkono sinyanyui. Kaka yangu alikuwa ananiita Bubu, kwa utani tu. Jioni nilikuwa nakaa kwenye duka la intaneti la mjomba, na huko nikapata jukwaa la watu wanaokusanya nembo za kijeshi. Babu yangu aliwahi kuwa askari wa Wafaransa, akaacha kopo la vifungo na nembo. Niliuliza kuhusu kifungo kimoja, wakanijibu vizuri, watu wazima kabisa, kutoka nchi ambazo sizijui. Picha zao zilikuwa maelfu na zimechanganyika ovyo. Nikaanza kuzipanga: nchi, kikosi, kitambaa au chuma, miaka iliyovaliwa. Msimamizi akaona kazi yangu akanipa ufunguo wa maktaba yao ya picha. Kaka akacheka, akasema Bubu kapata watu wa kuzungumza nao bila kufungua mdomo.

Wakati huo kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga na serikali iliyoko Moroni, kikawa na askari wake. Kaka alikuwa mmoja wao. Kwenye maktaba yetu sehemu ya Komoro ilikuwa na picha nne tu, na ya askari wa kisiwa chetu haikuwapo hata moja. Nembo ya begani ya kaka ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo, uani.

Kanuni ya jukwaa ni picha mbili, ya mbele na ya nyuma, bila kukata ukingo, kwa sababu nembo bandia hujulikana kwa mshono wa nyuma. Basi nikaitandika juu ya shiromani ya mama, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, nikapiga mbele, nikaigeuza, nikapiga nyuma. Nyuma mama alikuwa ameshona jina la kaka na la baba kwa uzi mweupe, maana kambini nguo zao zilikuwa zikifuliwa pamoja, zikipotea. Nililiona jina. Sikulifikiria kama jina, nililifikiria kama mshono. Kwenye nafasi ya asili nikaandika Mutsamudu na mwaka. Msimamizi akaniandikia kwamba ni ya kwanza wanayoipata. Siku ile nilikuwa na furaha.

Kisha majeshi ya serikali yakashuka kisiwani. Kaka alizika sare yake Mirontsy, mji wa jirani, akarudi kubeba mizigo bandarini, na akiulizwa alikuwa akisema hajawahi kuwa askari. Wengi walisema hivyo na wakaachwa. Yeye walimfuata na karatasi mkononi. Ilikuwa picha yangu, imechapishwa, ya nyuma.

Akaletwa Moroni, gerezani. Mama naye akahamia hapa, kila Ijumaa anampelekea chakula. Aliporudi mara ya kwanza alisema kaka amewaambia wanaomhoji kwamba jina hilo wanalo watu wengi na nembo si yake, na kwamba picha lazima iwe ilipigwa kambini na mwenzake. Halafu mama akanigeukia. "Kaka yako anakusalimu. Anasema soma, uachane na kompyuta."

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa. Shiromani ya mama inaonekana kwenye picha, na kaka anaijua.

Niliifuta picha ile jukwaani. Kesho yake msimamizi akaniuliza kwa upole kama nilibonyeza kwa bahati mbaya, akairudisha kutoka kwenye akiba yao. Naamka, nasali, naosha vyombo. Silii. Mama mdogo anasema nina moyo mgumu.

Tatizo langu ni Said. Siyo jina lake. Ni rafiki wa kaka tangu utotoni, walikuwa kambi moja, yeye akaachwa huru. Mama ameamua kuwa ndiye aliyepiga picha, na kwa simu amewaambia wanawake wote wa mtaa wetu. Kwetu mtu akitengwa hasalimiwi, haalikwi harusini, na msiba ukimpata hakuna wa kumsaidia kubeba jeneza. Bibi yake Said alifariki mwezi uliopita. Nimesikia walikuwa wanaume sita makaburini, na wawili ni wapita njia.

Juzi Said alivuka kwa boti, akaja mpaka hapa na bakuli la wali na samaki, akaomba mama ampelekee kaka. Mama hakutoka chumbani. Alinituma nilirudishe. Nikampa Said bakuli lake mlangoni.

Akasema, "Na wewe pia, mdogo wangu?"

Nilitazama mfuniko. Akashuka ngazi.

Nikimwambia mama ukweli, mama hajui kunyamaza, itawafikia wanaomshikilia kaka kwamba nembo ilipigwa picha nyumbani kwetu na dada yake, na neno lake litavunjika. Nikinyamaza, Said na mama yake wataishi hivi, pengine hadi kufa. Kaka amechagua ninyamaze. Said hakuulizwa.

Ninyi mnaosoma hamnijui, ndiyo maana nimeweza kuwaandikia. Naombeni ushauri: yupi kati yao nimwache aumie?