Mashua Iliyoelea Bwaise

Mjomba wangu alijenga mashua ya bahari kuu katika karakana ya fanicha huko Bwaise, mtaa wa mabondeni jijini Kampala, na siku alipotangaza kuwa iko tayari ndipo nilipoanza kumchukia.

Mteja wake alikuwa afande mstaafu kutoka kaskazini, aliyenuia kutweka tanga Mombasa na kuvuka hadi Shelisheli pamoja na mkewe. Mjomba, Mkenya aliyezoea makabati, alifuata mitumbwi ya ziwani: chini bapa ili ivutike mchangani, ubavuni madirisha mapana kama ya sebule. Mimi nilikuwa nimehitimu uhandisi. Nilimweleza kwamba katikati ya bahari hakuna pwani ya kukimbilia; chombo chake sharti kibebe uzito wa madini ya risasi chini kabisa ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ili wimbi likikilaza kijiinue chenyewe. Madirisha yawe madogo na mazito. Anapoketi nahodha pamwage maji upesi.

Alinicheka mbele ya mafundi, akaniita Injinia wa Makaratasi.

Kisha mvua ikanyesha, mtaro ukafurika kama kawaida ya Bwaise, na mashua ikaelea uani kati ya viti na chupa. Mafundi wakashangilia. Mjomba akairekodi kwa simu, akamtumia afande, na huo ndio ukawa ushahidi wake. Nilisema hata sanduku la nguo lingeelea.

Nikaenda kwa afande, Old Kampala. Niliomba jambo moja: siku ya kuishusha ziwani, mlingoti uvutwe kwa kamba mpaka uguse maji, kisha uachiwe.

"Mwanangu, unamvunjia mjomba wako heshima," mkewe alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini ninyi ndio mtakaolala humo."

Siku ya kuishusha, afande alishika kamba mwenyewe. Alivuta, mlingoti ukalala majini, akaachia. Mashua haikuinuka. Ilibaki ubavuni kama mlevi mtaroni, maji yakipenya madirishani.

"Hii ikilala, hairudi?" akauliza.

"Leo ziwa lina mawimbi, afande," mjomba akajibu.

Maji yalikuwa shwari kabisa. Afande akaikunja kamba taratibu, kijeshi, akamshika mkewe mkono, wakaondoka bila kuaga.

Mjomba alinigeukia, akaniambia nisikanyage tena karakana yake. Nilimjibu kwamba nitakanyaga, siku nitakayosikia anayeyusha risasi ya mkuku.