Muuza mitumba anayeifuata bendi ya roki kwa ajili ya mluzi wa kaka yake

Alasiri, Namasakata, wilayani Tunduru. Upepo unafagia vumbi la uwanja wa mpira, na Noela Mapunda anakaza kamba kati ya nguzo ya goli na mkorosho ulio jirani. Anaanika suruali za jinzi moja baada ya nyingine, akizikung'uta ili mikunjo ya safari ilegee.

Nyuma yake, juu ya tela la trekta lililogeuzwa jukwaa, vijana watano wanajaribu vyombo. Gitaa linalia mara moja. Mlio wake unarudi, unarudi tena, kisha unafifia kuelekea mashambani.

Noela anaiachia kamba na kutega sikio.

"Bado," anasema. "Hapo anapasha vidole tu."

Wateja wawili wanasubiri bei ya suruali. Wanasubiri kidogo zaidi.

Noela, mwenye umri wa miaka 46, ni mkazi wa Bombambili, Songea. Kwa miaka mingi amekuwa akifungua robota la mitumba na kuzunguka nalo kwenye magulio. Lakini tangu kiangazi kilipoanza, ratiba yake haifuati magulio tena. Inaifuata bendi.

Bendi yenyewe inaitwa Ukungu wa Matogoro. Inapiga roki ya saikedeliki, muziki ambao wimbo mmoja unaweza kumeza nusu saa nzima. Gitaa linavutwa na kukunjwa mpaka lisijulikane kama ni gitaa, ngoma ya asili ya lizombe inagonga chini yake, na mwimbaji wao, Sabra, anayarudia maneno machache mpaka yanapoteza maana na kupata nyingine. Mjini wapo wanaouita muziki wa kuota macho wazi. Wapo pia wanaosema ni kelele.

Bendi ilipokwenda Namtumbo, Noela alikuwepo. Ilipopanda Mbinga, alikuwepo. Ilipoteremka mpaka ziwani, Mbamba Bay, alikuwa ametangulia.

"Siku nzuri narudi na elfu ishirini au thelathini," anasema. "Nyingine nauli inakula yote. Biashara ingekuwa ndiyo inayonipeleka, ningeshaacha."

Watu walianza kunong'ona. Mwanamke mzima, mke wa mtu, anawakimbilia vijana wa gitaa. Mume wake, Ramson, ambaye ni fundi mwashi, alimuuliza mara moja tu.

"Mama Judica, huko unamfuata nani?"

"Namfuata Saimon."

Ramson aliweka kijiko chini.

Saimon ni kaka yake Noela. Walikulia kijiji kimoja nje ya Songea, katika nyumba ya watoto wawili na mama mjane, Imaculata. Msimu wa mahindi kazi yao ilikuwa kulinda shamba dhidi ya nyani, Saimon upande wa mtoni, Noela upande wa kichuguu. Mahindi yalikuwa marefu kuliko wao, wala hawakuweza kuonana. Saimon akatunga mluzi. Ulipanda taratibu, ukasita kama mtu aliyesahau jambo, kisha ukakatika. Noela aliumalizia kutoka upande wake. Akisikia umemaliziwa, Saimon alijua mdogo wake yupo salama.

"Mama alinigombeza sana. Alisema mtoto wa kike hapigi mluzi. Lakini ningemjibuje kaka yangu?"

Ukubwani, Saimon alivuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, kwenye machimbo ya vito. Mwaka wa kwanza alituma salamu kwa watu waliorudi. Mwaka wa pili walirudi wenzake, yeye hakurudi. Baada ya hapo ukawa ukimya, na ukimya huo sasa una miaka kumi na mitatu.

Mwaka huu, masika yakielekea kwisha, baba yao mdogo, mzee Bartholomeo, aliwaita wanaukoo. Alisema si vizuri mtu kubaki katikati, si hai si marehemu. Alitaka isomwe misa ya kumwombea marehemu Saimon, kisha shamba lake la kahawa wapewe vijana wanaoweza kulitunza.

"Baba mdogo hakuwa na nia mbaya," anasema Noela. "Alikuwa anatuonea huruma. Lakini mama alisema, 'Mwanangu sijamzika. Nitamwombeaje kama maiti?'"

Wakaachana bila muafaka.

Wiki chache baadaye bendi ilipiga Mjimwema, hapohapo Songea. Noela alikwenda kwa sababu penye watu pana wateja. Alikuwa akimpimia kijana mmoja kiuno cha suruali pale gitaa lilipopanda taratibu, likasita kama mtu aliyesahau jambo, kisha likakatika.

"Nilimwacha yule kijana na utepe wangu kiunoni," anasema. "Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe kuelekea kwenye spika."

Mpiga gitaa ni Derick, fundi wa umeme wa jua aliyehamia Songea kutoka mkoa mwingine. Noela alimfuata walipokuwa wakikunja nyaya.

"Mwanangu, ule mlio umeupata wapi?"

"Mama, mimi sijui. Vidole vinakwenda vyenyewe."

Alisema hayo bila kumtazama, na Noela akaona kwamba anajua.

Ndipo alipoanza kuifuata bendi. Muziki wao haupigwi mara mbili namna moja, na wimbo uliosikika Namtumbo ukifika Mbinga una sura nyingine. Mara nyingine ule mluzi ulitokea katikati, mara nyingine mwishoni, mara nyingine haukutokea kabisa, naye akarudi nyumbani amezongwa na huzuni kama aliyepishana na mtu stendi. Jambo moja halikubadilika. Gitaa liliishia palepale, kwenye kukatika.

Mbinga, uvumilivu ulimwishia. Gitaa lilipokatika, Noela aliweka vidole viwili mdomoni akaumalizia mluzi kutoka katikati ya umati.

Derick aliacha kupiga. Wenzake walidhani waya umechomoka. Alisimama akiwatazama watu mmoja mmoja mpaka alipomwona yule mama wa mitumba.

Onyesho lilipokwisha alimfuata mwenyewe.

"Shikamoo mama. Hicho kipande cha pili nimekitafuta miaka minne."

"Marahaba. Mimi kile cha kwanza nimekitafuta kumi na mitatu. Anza wewe."

Akaanza. Alikuwa amevuka mto kwenda kufunga taa za umeme wa jua kwenye kambi ya wachimbaji. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuvukia, ndiyo maana aliogopa kumwambia mtu asiyemfahamu. Hema la jirani lilikuwa la mtu mmoja mpole, mpishi wa kambi, ambaye wote walimwita Songea. Kila jioni alipoosha masufuria alipiga mluzi ule, akasita, akanyamaza.

"Nikamuuliza, kaka, mbona huumalizi?" Derick anakumbuka. "Akasema, 'Mwisho wake sinao mimi. Uko nyumbani.'"

Baadaye kambi ilivunjwa, kila mtu akakimbilia kwake. Derick hajui yule mpishi alielekea wapi. Anajua tu kwamba alikuwa mzima.

Noela aliipeleka habari hiyo kwa mama yake asubuhi iliyofuata. Mama Imaculata aliomba arudiwe maneno yale mara mbili.

"Kwa hiyo hakutusahau," alisema. "Anashindwa kurudi, lakini hakutusahau."

Mzee Bartholomeo naye aliposikia alivua kofia. Habari ya misa imewekwa kando, na shamba la kahawa linapaliliwa kwa jina la mwenyewe.

Leo ni onyesho la mwisho la ziara, na Namasakata haikuchaguliwa kwa bahati. Noela ndiye aliyeomba. Watu wa huku wanauza na kununua ng'ambo ya mto, na habari huvuka nao.

Jua likiwa bado juu ya mikorosho, wimbo wa mwisho unaanza. Ngoma inatembea. Sabra anaimba kwa sauti ya chini. Gitaa linapanda taratibu, linasita, linakatika, na Derick ananyoosha kipaza sauti kuelekea chini, alipo Noela.

Noela anapanda. Anapiga mluzi wake, na spika zinaubeba, unarudi, unarudi tena, unapita juu ya mapaa na kupotelea kusini, uliko mto.

Watu wanapiga makofi. Yeye hageuki kuwatazama. Anabaki ametega sikio mpaka ngoma inapomrudisha.

Akiteremka, anamkuta Iddi, mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mto kila mwezi na baiskeli yake. Ameurekodi wimbo wote kwenye simu.

"Nitaupiga huko sokoni," anamwambia. "Kwenye spika yangu, siku nzima. Kama yupo anayemjua, tutasikia."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kiangazi kijacho bendi imealikwa kupiga ng'ambo, safari hii kwa vibali halali, na Noela anasema atakwenda nayo. Ameanza kutafuta hati ya kusafiria. Mama yake amemwambia asimfiche lolote kwa kumwonea huruma. Arudi na ukweli, uwe wowote ule.

Kabla ya kufungasha, anamwomba Iddi amfundishe namna ya kusema kwa Kireno kwamba anamtafuta kaka yake.

"Procuro meu irmão," anasema Iddi.

Noela anajaribu. Ulimi unakwama, wanacheka, anajaribu tena. Anaendelea kuisema akikunja suruali, kila moja na sentensi yake.

"Mpaka msimu ujao nitakuwa nimezoea," anasema. "Wakinielewa, wataniuliza jina lake. Hapo sihitaji Kireno, nitapiga mluzi."