Nilivyopatana Bei na Mtoa Virusi

Laki mbili na thelathini elfu. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zimekataa kupungua. Elfu sitini zangu, laki na nusu za baba mkwe, elfu ishirini za shangazi wa mke wangu. Kosa ni langu, jamani! Na hizo hela ndiyo sehemu nyepesi.

Mimi ni mtu wa Kibaha. Nanunua mapipa matupu viwandani Zegereni, nawauzia wanaohifadhi maji. Bei ya kwanza sijawahi kulipa. Hata aliyening'oa jino nilimuuliza, "Mawili utanifanyia ngapi?"

Jumapili moja nilibaki nyumbani peke yangu na laptop ya mke wangu. Yeye ni mwalimu, anaitumia kutunga mitihani, na wasap yake ameiunganisha humo humo. Mpira unakaribia kuanza, na kibanda umiza wanakoonyesha mechi wanataka jero mlangoni. Mia tano ya kukaa kwenye benchi! Nikaona huo ni wizi. Nikaingia mtandaoni kutafuta pa kuangalia bure.

Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Ghafla kioo kikawa chekundu na king'ora kikalia: kompyuta yako ina virusi arobaini na saba, usiizime, piga namba hii sasa hivi.

Nikapiga! Akapokea kijana mwenye sauti ya ofisini.

"Kaka, hali ni mbaya. Kuviondoa vyote ni laki na nusu."

"Laki na nusu? Niondolee thelathini tu, hivyo vingine nitaishi navyo."

"Haiwezekani kaka, vinazaliana."

"Basi chukua elfu arobaini."

"Utanifukuzisha kazi. Toa sabini."

"Hamsini, na nakuletea wateja."

Tukavutana mpaka sitini. "Kaka, wewe mgumu," akasema kwa unyonge. Wallahi nilimwonea huruma! Na hapo ndipo nilipomwamini. Nilijiambia, tapeli angekuwa na haraka ya kukubali. Huyu anaumia, kwa hiyo ni mfanyabiashara wa kweli.

Nikatuma hela. Akanielekeza nipakue programu fulani, kisha nimsomee namba zilizotokea kwenye kioo. Nikamsomea. Nikarudia, asije akakosea! Mara mshale ukaanza kutembea wenyewe.

"Sasa usiguse kitu, kaka. Kapate chai."

Nikaenda kunywa chai. Mwizi yuko sebuleni kwangu, mimi niko jikoni nachagua kitumbua.

Kumbe ameingia kwenye kundi la ukoo wa mke wangu, watu wa Kisarawe, anaandika kwa jina lake: nimelazwa ghafla, siwezi kupokea simu, nitumieni chochote kwenye namba hii ya muuguzi.

Mwenyewe alikuwa sokoni, data amezima kubana bando. Ubahili huo nilimfundisha mimi. Alipofika nyumbani na kuiwasha, simu ikatetemeka kama ina homa. Haijatulia, baba yake akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wamekuruhusu?"

"Nani kaniruhusu, baba?"

"Si hospitali! Nimekutumia ile ya mabati, imefika?"

Hela ya mabati ya chumba cha uani! Mzee aliidunduliza kwa kuuza mihogo.

Mke wangu akanigeukia, uso umempauka. "Baba Nasra, nani kaandika haya?"

Nilishajua. Nikaifunga laptop taratibu, na Mungu anisamehe, nikamwambia, "Utakuwa umebonyeza linki mahali. Nyie walimu mnatumiana vitu hovyo."

Hilo ndilo ninaloungama. Kutapeliwa ni ujinga, na humo tuko wengi. Hili lilikuwa woga.

Akaniamini! Akarekodi sauti ya kuwaomba ndugu zake msamaha, analia. Miaka yote yeye ndiye mweka hazina wa mfuko wao wa misiba. Wakamvua cheo hicho kwa adabu: "Pumzika kwanza dada, mpaka uielewe simu yako." Binamu zake sasa wanamwita Mwalimu Linki. Huko anacheka nao. Akirudi nyumbani hacheki.

Juzi nilimsikia akimwita binti yetu wa darasa la sita. "Nasra, hebu niangalizie, huu ujumbe naweza kuufungua?" Mwanamke aliyezika ukoo mzima bila senti kupotea!

Nilimpelekea mzee laki na nusu yake. Akairudisha mkononi mwangu. "Kosa la mwanangu silidai kwa mkwe." Akanifungashia na mihogo. Mihogo ile ilinikwama kooni, na ilikuwa laini.

Ndugu zangu mnaopenda vya bure, nisikilizeni. Kompyuta haiugui halafu ikakupa namba ya simu ya daktari wake! Ukiona king'ora, funga ukurasa. Ukurasa ukigoma kufungika, zima mashine yote, haitakufa. Mtu usiyemjua asikuelekeze kupakua kitu, wala usimsomee namba yoyote. Ukishateleza, kata intaneti hapo hapo, ingia kwenye simu uondoe kila kompyuta iliyounganishwa na wasap, badilisha nywila ukiwa kwenye kifaa kingine, na laptop ipeleke kwa fundi. Halafu watangazie ndugu kabla tapeli hajawasalimia. Na tapeli anapunguza bei, tena vizuri kuliko wauza nyanya.

Sasa nishaurini. Jumamosi ukoo unakutana Kisarawe kumthibitisha mweka hazina mpya, wifi yake aliyeolewa na kaka yake, na sisi tumealikwa. Nikimweleza mke wangu chumbani, najua atanisitiri. Atasema yaishe, na ataendelea kuitwa Mwalimu Linki kwa ajili yangu. Nikisimama mbele ya wakwe, jina lake litasafishika, ila atausikia ukweli wa mumewe pamoja na watu wote. Nianzie wapi? Tafadhali wanawake ndio mnijibu, na mnijibu kabla ya Ijumaa, maana kanga ya kwendea ameshaipiga pasi.