Nyuso za Studio ya Kanti

Kanti Mulji alizaliwa Bukoba, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na Kihaya alikijua kabla ya Kiswahili. Vita na Amin vilipoanza, ndugu zake wengi walivuka ziwa kwenda Mwanza na hawakurudi tena. Yeye alirudi. Alikuta mlango wa studio yake ya picha umevunjwa, lakini kamera kubwa ya miguu mitatu ilikuwa bado imesimama pale pale, kwa hiyo akafungua studio upya.

Barabara ya mbele ilikuwa imechimbuliwa na vifaru na malori ya jeshi. Lami haikurudi. Kila gari likipita liliinua vumbi jekundu hadi paani. Nyuma ya studio, jirani yake Lwakatare alikuwa amefunga mashine ya kusaga, na injini yake ya dizeli ilitapika moshi mweusi kutwa nzima.

Halafu ukaja ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, yaani UKIMWI. Zamani walioingia studio walikuwa maharusi, au wanafunzi wanaotaka picha za vyeti. Sasa walikuja watu waliokonda, wakishikwa mkono na dada au mama. Wote walitaka kitu kimoja: watoto wawe na sura ya kuangalia. Kanti aliwapaka poda mashavuni, akageuza taa ili mifupa isionekane sana, akapiga.

Mwaka 1987, asubuhi moja ya kiangazi, Joviana aliingia ametokea Kimwani, amebeba mtoto wa kike mgongoni. Alitoa picha kwenye kanga akaiweka mezani. Ilikuwa ya dada yake, Jovita, aliyepigwa hapo hapo studio na kuzikwa mwaka uliopita. Gauni la gomesi lilionekana vizuri. Kiti kilionekana. Uso ulikuwa madoa ya njano na kijivu, kama uliotafunwa.

"Waitu, Mzee Kanti," alisema kwa heshima ya Kihaya, "huyu mwana atamjua mama yake kwa kitu gani?"

Kanti alikwenda chumba cha giza kutafuta negativu, akaishika mbele ya taa. Nayo ilikuwa na madoa yale yale. Akatoa nyingine, na nyingine. Baadhi zilikuwa nzima, nyingi zimeanza kuliwa.

Mwalimu Rweyemamu, aliyekuwa akifundisha kemia sekondari kabla ya kuugua, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kupigwa picha yake. Aliomba kuiona ile picha. Akaigeuza polepole, akapitisha kidole kwenye dirisha na kukitazama.

"Unakausha picha na negativu hapa dirishani?"

"Ndiyo, Mwalimu. Sina pengine."

"Vumbi hili jekundu lina chuma. Moshi wa Lwakatare una salfa. Vikikutana hewani, na unyevu huu wa ziwa, salfa inageuka asidi juu ya punje za vumbi. Punje inatua kwenye picha mbichi, inanata, inavuta maji. Picha yako imechorwa kwa madini ya fedha, Kanti. Asidi inaila taratibu."

"Nifanye nini?"

"Kwa zilizokwisha kuliwa?" Rweyemamu alikohoa mpaka akajishika mbavu. "Hakuna."

Kanti alitoka mbio kwenda kwa Lwakatare kumwomba ahamishe mashine. Lwakatare hakukasirika. Alimwonyesha tu wanawake waliopanga foleni na mihogo yao mikavu. "Watu wale picha?" aliuliza.

Aliporudi, Joviana alikuwa amekaa kwenye kiti cha studio. Mtoto amemkabidhi kwa Mwalimu.

"Watu walikuwa wanatuchanganya mimi na dada," alisema. "Hata baba alikuwa anakosea. Nipige mimi. Mtoto ataambiwa huyu ndiye mama."

"Hapana, dada yangu. Huo ni uongo."

"Sasa nimwonyeshe nini? Hayo madoa?"

Kanti alimtazama Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa ameinama, anamchezesha mtoto vidole. Hapo ndipo Kanti alipoona vidonda vilivyopona vibaya kwenye mikono ya Joviana, na jinsi mifupa ya shingo ilivyochomoza. Alichukua poda akampaka mashavuni, kama alivyowapaka wengine. Joviana alijaribu kutabasamu kama dada yake. Kanti akapiga.

Siku hiyo aliziba dirisha kwa blanketi lililoloweshwa, akakausha picha ndani ya kabati, akaibana katikati ya vioo viwili na kuziba kingo kwa nta. Joviana aliondoka nayo kurudi Kimwani. Mwalimu Rweyemamu alifariki kabla ya kuja kuichukua yake, na mkewe aliichukua akiwa amevaa nguo nyeusi.

Baada ya hapo walikuja wengine na picha zilizoliwa, na hawakuwa na ndugu wa kufanana na marehemu wao. Kanti aliwarudishia karatasi zao, akashindwa kuwatazama. Vioo viliisha, na madukani havikupatikana. Wagonjwa hawakuisha. Kila aliyeketi kitini sasa Kanti alimwambia ukweli: "Picha hii huenda isidumu."

Walikuwa wakinyoosha kola, au wakifunga kilemba vizuri, wakimjibu kwa sauti ndogo, "Piga tu, mzee."

Naye alipiga, huku mashine ikinguruma nyuma ya ukuta.