Midomo ya Idarus

Kila alasiri Idarus alirudi nyumbani Kibokoni amechoka midomo. Alikuwa mkalimani wa mahakama ya Waingereza, na tangu asubuhi hadi hapo alikuwa akisema maneno ya watu: huyu amesema, yule amekana. Kiswahili kilimtosheleza kwa neno moja, "yeye", kwa mtu yeyote. Kiingereza kilimtaka kwanza atenge mwanamume na mwanamke, ndipo aendelee. Ilikuwa kama kuchungulia mlango wa kila nyumba kujua nani yumo.

"Umekula huko?" mkewe Saadia alimwuliza siku moja.

"Idarus hajala."

"Na huyo Idarus ni nani? Mwite basi, wali unapoa."

Alicheka kidogo. Uchovu ulimfanya ajiseme kama mtu aliye mbali.

Mwaka ule dada yake Hind, mjane, aliitwa mahakamani. Yeslam, ndugu wa marehemu mumewe, aliidai nyumba aliyokaa Hind, akisema ni urithi. Hind alisema mumewe alimpa nyumba hiyo hiba, zawadi yake, angali mzima. Waliokuwapo siku ya hiba walikuwa wawili. Mmoja amekufa, wa pili ni Idarus.

"Njoo unisemee, kaka," Hind alimwomba.

"Mkalimani hawi shahidi, dada. Nikisimama kule, kiti changu kitakaliwa na mwingine."

Hind aliinuka. Alijifunika buibui lake, akaenda zake.

Hakimu hakujua undugu wao, wala Idarus hakumwambia. Siku ya kesi alikaa kitini pake kama kawaida.

"Mwambie hakimu shahidi yupo," Hind alisema. "Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Anajua, na amenyamaza kwa ajili ya kiti."

Yeslam akacheka. "Na huyo ndugu ana ulimi kweli?"

Idarus alikuwa ameapa kutopunguza neno. Akafasiri yote kwa Kiingereza: mwanamke huyu anasema ana ndugu, mwanamume, ndugu huyo anajua, amenyamaza kwa ajili ya kiti. Na mdai anauliza kama ana ulimi. Sauti haikutetemeka. Ilikuwa kazi ya kila siku, kumsema mtu asiyekuwapo.

Hakimu akaandika, kisha akauliza, "Yuko wapi mtu huyo?"

Idarus akamgeukia dada yake kumfasiria swali. Hind alilisikia. Alimtazama tu.

Mbele ya watu wote Idarus akainuka, akakiacha kiti nyuma yake.

"Ni mimi," akasema kwa Kiingereza, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida, kama mlango uliofungwa miaka mingi.

Akaletwa mkalimani mwingine, naye Idarus akaapishwa upya, akaeleza siku ya hiba. Nyumba ikabaki kwa Hind. Kiti hakikurudi kwake tena.

Siku hiyo ya kesi alifika Kibokoni jua lingali juu. Saadia alikuwa jikoni.

"Leo mapema! Idarus amekula?"

Akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

"Sijala," akasema. "Nina njaa."

Saadia akamtazama, kisha akampakulia.