Jani la Isale Mezani kwa Mpelelezi

Mama yangu aliangalia tamthilia za upelelezi kwa namna yake. Sisi tulipohangaika na nani kaua, yeye macho yalikuwa kwenye rafu nyuma ya mpelelezi, kwenye kopo la majani ya chai lenye picha ya jogoo wa kijani.

"Kopo hilo liko pia kwa yule wakili wa Arusha," alisema siku moja. "Hawa watu wanaishi kijiji kimoja, wanatuficha tu."

Nilicheka. Kisha nikatafuta kipindi cha wakili, na kweli, jogoo yule yule. Chai yenyewe haiuzwi popote. Waandishi waliibuni ili wakonyezane.

Basi ikawa ugonjwa. Nikipanda Uru kwa mama Jumamosi, kabla sijaulizwa habari za mjini naambiwa kwamba marehemu wa tamthilia hii ana tangazo la msiba ukutani katika tamthilia ile. Nikishuka mjini napita mtaa wa Soweto kwa mama mdogo, naye ana yake: wakili akimpigia simu "shemeji", anayeitikia ni mpelelezi wa Dar, kwa sauti yake ile ya mafua! Mtu na mdogo wake, tumbo moja, umbea mmoja, na hawakuwa wanasemeshana.

Ugomvi wao ulianza kwenye mazishi ya bibi. Mama mdogo, kwa uchungu, alisema mbele ya waombolezaji kwamba dada yake alimwacha mama yao afe peke yake. Haikuwa kweli. Mimi nilimwona mama akimlisha bibi mtori kwa kijiko, akimgeuza kitandani, akimwimbia. Tangu siku hiyo mama hakumtaja tena mdogo wake. Niliogopa sana kwamba mmoja atamzika mwenzake wakiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nilibeba habari za makopo na mashemeji kupanda na kushuka, nikijifanya ni maongezi tu.

Halafu ikaja sehemu ambayo mpelelezi anaingia ofisini kwake na mezani kuna glasi ya maji yenye jani moja la isale. Hakuna aliyelisemea lolote. Mama akashika mdomo.

"Ruwa, Mungu wangu! Muuaji ni yule mlinzi."

"Mama, mlinzi hajatamka hata neno."

"Si ndiye katoka humo sasa hivi? Kaacha isale. Anaomba msamaha, na huyo polisi wa Dar anadhani ni ua. Angejua, angemsamehe hapo hapo. Ukiletewa isale hukatai."

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimkosea mtu unamfuata na jani hilo mkononi, na hotuba haihitajiki.

Kesho yake mama mdogo alinidaka mlangoni. "Ni mlinzi! Umeona isale?"

Nikamwambia mama naye kasema hivyo hivyo, tena kasema ukiletewa hukatai. Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?" Nilipoitikia, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa uani kwa mama tukimenya ndizi. Mama mdogo akasimama mbele yetu, isale mkononi.

"Shikamoo dada. Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

Mama akaliangalia lile jani, akaliangalia tena. "Hata hilo umelikata kwenye uzio wangu."

"Soweto ningelipata wapi, dada?"

Mama alinawa mikono, akalipokea. Nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata walikaa kochi moja kungoja mlinzi akamatwe. Akakamatwa daktari. Isale lilikuwa pambo tu, hakuna aliyelitaja hadi mwisho. Walikasirika hao! Mama alisema mwandishi hajui kazi yake. Mama mdogo akasema daktari kasingiziwa, wangoje waone. Waliigombeza televisheni mpaka gari la mwisho la kushuka mjini likaondoka, na mama akaenda kumtandikia mdogo wake kitandani kwake, upande wa ukutani, alikokuwa akilala walipokuwa wasichana.