Miaka Sita Niliyoikata

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi mjini Kamina, Ma Sœur Msimamizi, mtawa mfupi asiyecheka kazini, alinipa gauni jeupe lililonipwaya, akafungua faili langu na kulisoma kwa sauti.

"Kabange. Miaka makumi mbili." Akanitazama usoni. "Weye iko na macho ya muntu mukubwa."

Nilimwambia nimefiwa na baba. Ilikuwa kweli, ila halikuwa jibu. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Shule ya wakunga haikupokea msichana aliyepita umri fulani, na mimi nilikuwa nimechelewa shambani kwetu, upande wa Kabongo, kwa sababu zamu ya kusoma ilianza kwa kaka zangu. Mjomba akanipeleka mahakamani kuomba jugement supplétif, yaani hukumu inayosimama badala ya cheti cha kuzaliwa kwa mtu aliyezaliwa kijijini bila kuandikwa. Shahidi mmoja, muhuri mmoja, miaka sita ikaondoka. Wengi walifanya hivyo, na wengi wanafanya hadi leo.

Shida yangu ilikuwa jina. Kwetu Waluba majina ya mapacha hayachaguliwi: wa kwanza ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange. Kila Kabange ana Kyungu wake wa siku ileile, na wangu ni dada yangu, mkulima, ambaye kadi yake inasema ukweli. Nyumbani walinitania kwamba ni mimi peke yangu, katika Waluba wote, niliyezaliwa miaka sita baada ya pacha wangu. Nilicheka pamoja nao. Kicheko kile nakilaani.

Kazi ilianzia kwenye fishi, kadi ya kila mgonjwa: jina, kijiji, mimba ngapi, watoto wangapi wako hai, umri. Ma Sœur alitukataza kunakili umri kutoka kwenye kitambulisho. Tulimuuliza mama alipata damu lini mara ya kwanza, aliolewa lini, mtoto wa kwanza ana kimo gani sasa, kisha tukahesabu kwa vidole.

"Miaka ya karatasi ni ya Leta," alisema, akimaanisha serikali. "Minyi nataka miaka ya tumbo."

Alipohamishwa, akaja Daktari Mkurugenzi, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyeanzisha kliniki ya Jumatano kwa wanaotafuta mtoto. Alitufundisha kwa njiti za kiberiti. Mwanaume, alisema, hutengeneza mbegu mpya hadi uzeeni. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, tena yalianza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hayaongezeki. Yanapungua tu, mwaka hadi mwaka. Kisha akapanga njiti mbilimbili, jozi ishirini na tatu, kila jozi akaifunga kwa uzi. Hizo zilikuwa kromosomu, zinazobeba urithi wa mtu. Yai likikomaa, uzi hufunguka na jozi huachana sawasawa, moja inabaki na moja inatoka. Lakini uzi huo umekaa ndani ya yai tangu mwanamke azaliwe. Ukichakaa, njiti huachana ovyo, na yai hubaki na moja zaidi au moja pungufu. Mara nyingi mimba ya yai kama hilo hutoka mapema.

"Si bulozi," alisema, "na si kosa ya mama. Lakini akishapita makumi tatu na tano, tusingoje. Miezi sita bila mimba, ao mimba ikatoka, tumutume Lubumbashi."

Barua za kuwatuma Lubumbashi, kwenye hospitali kubwa, niliziandika mimi. Mwandiko wangu ulisifiwa. Niliandika barua za wanawake niliowazidi umri, nikazitia kwenye bahasha na kuwatakia safari njema.

Niliolewa na Ilunga, fundi wa reli, nikiwa na miaka thelathini na mitano. Faili lilisema ishirini na tisa. Mimba ya kwanza ilitoka, ya pili nayo ikatoka. Ilunga alijua umri wangu wa kweli, akaniambia niuseme. Nilimjibu kwamba mkunga aliyeingia shule kwa karatasi ya uongo hufukuzwa. Basi nikakaa mbele ya Daktari, naye akafungua faili.

"Makumi tatu na mbili! Mama Kabange, weye ungali kijana. Tutangoja kwanza. Na kwa sababu iko kijana, nakutuma Malemba-Nkulu. Kule habana mukunga."

Nilikuwa naiona ile njiti na ule uzi wake, maana nilikuwa nimewaeleza mamia ya wanawake. Nikasema, "Ndiyo, Docteur."

Malemba nilikaa miaka mitatu, kando ya Lualaba. Nilizalisha watoto wa wavuvi, na wa akina mama waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya wanamgambo. Barabara zikifungwa, Ilunga hakuweza kufika, nami sikuweza kutoka. Tulionana mara mbili kwa mwaka. Kila mwezi nilihesabu siku zangu, na kila mwezi nilijua ninahesabu nini.

Mwaka wa pili tangu nirudi Kamina, Kyungu aliletwa kutoka Kabongo, mtoto wa tisa, presha yake ya damu ikiwa juu. Mimi ndiye niliyempokea, na kwenye fishi yake nikaandika umri aliousema: arobaini na mitatu. Daktari aliisoma akiwa miguuni pake.

"Kyungu. Na Kabange yako iko wapi?"

Dada yangu, katikati ya uchungu, alicheka. "Aba! Si njo ule anakamata kitambaa pembeni yako!"

Daktari alinitazama, kisha akarudisha macho kwa dada yangu. Mtoto alitoka, wa kike, akaangukia mikononi mwangu, akalia vizuri. Tulimwita Ngoie. Nilipomaliza kuosha meza, Daktari aliniita ofisini. Faili langu lilikuwa mbele yake.

"Kumbe iko na makumi ine na tatu."

"Ndiyo, Docteur."

"Ile mwaka nilikutuma Malemba ulikuwa na makumi tatu na munane." Akavua miwani. "Ningekutuma Lubumbashi. Ile wiki ileile. Pengine bangefanya kitu, pengine hapana. Juu ya nini haukusema?"

"Kyungu amezaa, Docteur. Tumbo letu ni la siku moja."

"Kyungu iko na bahati. Babibi kama yeye njo banadanganya bengine."

Hakuniripoti. Alisema karatasi ibaki ilivyo, kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kufukuzwa. Ilunga alijenga nyumba ya pili karibu na gare, kituo cha treni, na huko ana watoto watatu. Hakunitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Nilistaafu mwaka jana. Msimamizi mpya wa utawala alinisifu mbele ya watu kwamba naondoka bado nina nguvu. Kwa kweli nilikuwa na miaka sitini na minne. Miaka sita niliyomwibia Leta, Leta aliichukua yote, zamu kwa zamu.

Lakini nilikuwa na Ngoie. Kyungu alinipa nimlee tangu darasa la kwanza, asome mjini. Aliniita mama mudogo, kisha neno mudogo likaanguka lenyewe. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anataka uuguzi, na shule anayoitaka inamwona amepita umri. Baba yake hakuwahi kumwandikisha. Inahitajika jugement supplétif, na shahidi.

"Mama, sema tu makumi moja na munane. Weye njo ulinikamata nikizaliwa. Nani atakukatala?"

Nilimweleza yote haya, na njiti nikazipanga mezani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, minyi sitafute mutoto. Natafuta masomo."

Mimi pia nilitafuta masomo. Bila ile miaka sita nisingekuwa mkunga, na mikono hii isingempokea.

Hakimu aliniuliza mtoto huyu alizaliwa lini. Nikataja siku, mwezi na mwaka, mwaka wa kweli. Karani akaandika, muhuri ukashuka.

Nje, Ngoie hakupiga kelele. "Haukunizaa weye," alisema. Akachukua mfuko wake, akaenda Kabongo kwa Kyungu.

Kitambulisho changu kinasema nina miaka hamsini na tisa. Ngoie ana ishirini na miwili, kwa karatasi na kwa tumbo. Kyungu ananipigia simu kila Jumapili. Nasikia sauti ya Ngoie nyuma yake, anaulizwa kama anataka kunisalimu, na nasikia mlango ukifungwa.